Sikudisko Hata Siku Moja

Kabla ya tarehe 8 Oktoba 1994 nilijua maana moja tu ya neno disko, na niliijua vizuri. Disko lilikuwa muziki wa kaseti uliopigwa kila Jumamosi katika ukumbi mmoja wa Kibaoni. Palikuwa na disko toto, la watoto, mchana wa Krismasi na wa Pasaka. Palikuwa na disko vumbi, lile lisilo na ukumbi, ambapo vijana walicheza uwanjani hadi nguo zao zikawa na rangi ya ardhi. Mtu aliweza kwenda disko, kupiga disko, au kuharibikiwa kwa sababu ya disko. Hilo la mwisho ndilo tulilolisema zaidi sisi wazazi wa mtaa wa Viwanja Sitini.

Wanafunzi wa vyuo walikuwa na maana yao nyingine. Barua ya chuo ya kumwachisha mtu masomo kwa kufeli iliandikwa kwa Kiingereza, na lile neno la kumwachisha, ambalo ni refu, lilianza kwa sauti hiyohiyo. Wanafunzi walilikata wakabaki na kichwa chake. Kwao, aliyefukuzwa kwa kufeli amedisko. Naeleza hili mapema ili msomaji asipotee kama nilivyopotea mimi.

Mume wangu, aliyekuwa seremala, alifariki Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, akaniachia mtoto mmoja wa kiume wa miaka kumi na miwili. Sikuolewa tena, wala sikumwomba mtu kitu. Nilikuwa nimeanza kusoma mwaka 1974 katika darasa la ngumbaro, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, mtoto mgongoni. Mtihani wa darasa la saba niliufanya mwaka 1986, nikiwa mjane, katika chumba kimoja na watoto walioniamkia shikamoo kabla ya kufungua karatasi zao. Nilifaulu. Tangu hapo majirani walinijia niwaandikie barua, kwa sababu Kiswahili changu hakikuwa na makosa. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli.

Mwanangu alianza chuo kikuu Dar es Salaam mwezi Oktoba 1993. Katika ukoo wetu, tangu wazee waliposhuka kutoka upande wa Mahenge, hakuna aliyewahi kufika huko. Nilitaja chuo hicho kanisani baada ya misa, nikakitaja mashineni tukisubiri kukoboa mpunga, nikakitaja hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi hiyo ya tarehe 8 Oktoba, saa nne asubuhi, nilikuwa uani napeta mchele. Akaingia kijana wa Kibaoni aliyekuwa akisoma chuo kimoja na mwanangu. Alikuwa peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako umemwacha wapi?"

Aliangalia ungo wangu. "Mama, mwenzangu amedisko."

"Amefanya nini?"

"Amedisko, mama. Yeye na wengine."

"Disko!" Niliweka ungo chini. "Tangu lini?"

"Imejulikana mwezi uliopita. Ilianza taratibu. Mwanzoni tulidhani atajirekebisha."

"Na wewe je?"

"Mimi nimenusurika, kwa kudra tu. Pale hata wenye akili sana wanadisko, mama."

"Hata waliotoka katika nyumba za dini?"

"Mama, mtoto wa mchungaji tulikuwa naye chumba kimoja. Amedisko, na Biblia yake mkononi."

Nilimwona huyo mtoto wa mchungaji, Biblia mkononi, akikata kiuno. Hakuna kilichonichekesha. Kijana akaendelea kwa sauti ya chini: "Anaona aibu kuja. Yuko kwa rafiki yetu Dar, anangoja neno lako. Ameniambia, mama akisema nije, nitakuja. Mimi ninarudi Dar Jumatatu."

"Neno langu utalipata kwa maandishi," nilimjibu.

Barua niliiandika Jumapili, tarehe 9, baada ya misa ya kwanza. Niliiandika mara mbili, rasimu na nakala safi, na rasimu ninayo hadi leo. Inasema hivi:

"Mwanangu, habari ya disko lako nimeipata. Baba yako hakuranda mbao mpaka mapafu yake yakajaa vumbi ili mwanawe awe mtu wa disko. Mimi nilisoma nikiwa mtu mzima, nikasoma nikiwa mjane, na sikudisko hata siku moja. Kama umechagua disko, kaa na disko lako. Nyumba hii haina nafasi ya mtu wa namna hiyo. Usije."

Jumatatu nilimkabidhi kijana bahasha iliyofungwa. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetimiza wajibu.

Nilidhani ataandika kuomba radhi. Hakuandika. Krismasi ikapita, ikapita Pasaka ya 1995, na Krismasi nyingine. Mashineni wanawake waliniuliza, "Mwanafunzi wetu anamaliza lini?" nami nikajibu kwamba masomo ya juu ni marefu. Kila Jumamosi gari la matangazo lilipita mtaani kwetu na kipaza sauti, likitangaza disko la Kibaoni, nami nilisimama mlangoni nikililaani gari hilo kana kwamba ndilo lililomchukua.

Jumatatu, tarehe 20 Mei 1996, kijana wa Kibaoni alinijia tena. Alikuwa ametoka Mlimba kumzika shangazi yake.

"Mama, mwanao nimemwona Mchombe. Anaamia, anafukuza ndege katika shamba la mpunga la watu. Mbona tangu adisko hajafika nyumbani?"

Mchombe iko katika barabara ya kwenda Mlimba, safari ya asubuhi moja. Nilijikaza. "Bado anacheza?"

"Anacheza nini, mama?"

"Hilo disko."

Alivuta kigoda akakaa. Kisha akanieleza, polepole, kwa adabu, jinsi mtu anavyomweleza mgonjwa. Alipofika kwenye barua ya Kiingereza nilimwomba anyamaze. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na kati ya barua zote nilizowaandikia watu wa mtaa ule, barua moja tu niliiandika bila kuelewa niliyoandika.

Alhamisi, tarehe 23, nilipanda basi la Mlimba. Mvua zilikuwa zimepungua, lakini tulishuka mara mbili kulisukuma. Mchombe walinielekeza kwenye mashamba ya mpunga uliochelewa. Nilimwona kwa mbali juu ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo mlinzi wa ndege huketi, ameshika kamba zilizofungwa makopo. Katika shamba la jirani mwanamke mmoja wa Kisukuma alikuwa akimpigia kelele huku akicheka:

"Mwanafunzi! We mwanafunzi! Umelala? Ndege wanakula mtihani wako!"

"Waache wafaulu wao, dada!" alimjibu. Ndipo akaniona.

Alishuka, akasimama hatua tatu mbele yangu. "Shikamoo, mama." Alikuwa amekonda na miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini. Tulikaa kwenye kivuli cha dungu, nami nikamwambia yote, kwa mpangilio, na tarehe zake: nilisikia hivi, nikaelewa hivi, nikaandika hivi. Nilimwambia kwamba nilidhani ni kucheza.

Alianza kucheka. Alicheka kwa uchungu, mikono kichwani. "Kucheza! Mama, mimi? Unajua sijui kucheza. Harusi ya mama mdogo ulinitoa uwanjani mwenyewe, ukasema nawakanyaga watu."

Nilikumbuka. Ilikuwa kweli. Nilijua hajui kucheza tangu akiwa mtoto, nilijua hata wakati ninaandika.

"Ile barua ninayo," alisema. "Niliposoma 'umechagua', nikajiuliza, mama anadhani nilifeli kwa makusudi? Nikafika hapa Mchombe mara ya kwanza Januari mwaka jana, ili niwe karibu. Nikasema, akinihitaji atasikia."

"Sasa nimesikia. Twende nyumbani."

Hakuinuka. Alichuma punje ya mpunga, akaimenya kwa kucha. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, bila hasira, jambo ambalo ningelipenda aniulize kwa hasira:

"Mama, ungejua siku ile kwamba nimefeli, ungeandika nini?"

Swali hilo lilikuwa rahisi. Mama mwingine angesema, ningekuandikia uje. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini niliwaona wanawake wa mashineni, nikaliona benchi letu la kanisani, nikamwona yule mjane wa mwaka 1986 aliyefaulu mbele ya watoto. Neno halikutoka. Kundi la ndege wa kwelea likashuka upande wa pili wa shamba, na mwanamke jirani akaita, "Mwanafunzi!" Mwanangu aliningoja zaidi kuliko nilivyostahili. Halafu akapanda dungu na kuvuta kamba, na makopo yakalia.

Jioni alinisindikiza hadi barabarani. Aliniwekea mfuko wa mchele miguuni ndani ya basi, akasema, "Haya mama, salama." Mavuno yalipokwisha, mwezi Julai, aliondoka Mchombe kuelekea Mlimba, na alikokwenda kutoka hapo hakuna aliyeniambia.

Leo ni mwaka 1999. Jibu la swali lake nimejaribu kuliandika mara nyingi, ingawa sina anwani ya kulipeleka. Naandika tarehe juu, naandika "Mwanangu", na kwa kuwa nimeapa kuandika kweli tupu, namjibu kile ambacho ningekiandika siku ile kama ningejua. Kila mara inatoka barua ileile. Naondoa disko, naweka kufeli, na mengine yote yanabaki kama yalivyokuwa, hadi mstari wa mwisho.