Kanda Isiyo na Hodi

Fundi cherehani wa jirani na stendi akitia mafuta mashine yake, ile harufu hunirudisha sebuleni kwetu, kijijini Qurus. Baba alipaka mafuta kama hayo kwenye kipande cha chuma alichotelezesha juu ya nyuzi za gitaa, gitaa lenyewe likiwa limelala mapajani. Alipiga swingi, muziki wa dansi wa Kizungu aliouzoea kwa wageni wa hoteli alikofanya kazi, kule juu Kreta, kwenye shimo la wanyama wanaloendea watalii. Jumapili moja alitaka kurekodi kanda yake mwenyewe, na kazi ya kubonyeza redio kaseti ilikuwa yangu.

Tulifunga dirisha, tukafukuza kuku. Lakini kila wimbo ulipokolea, jirani mmoja alipiga hodi, na mama akaitika kutoka jikoni, "Karibu! Karibu ndani!"

"Mama watoto, si nimekuomba unyamaze?"

"Mtu apige hodi kwangu nimnyamazie? Nimekuwa mchawi?"

Baba akanigeukia. "Rudisha nyuma. Futa, tuanze upya."

Nikafuta. Nilifuta zile "Karibu!" za mama moja baada ya nyingine, mpaka mama akabeba kigoda chake na bakuli la maharage ya kuchambua, akaenda kukaa njiani ili awapokee watu kabla hawajafika mlangoni.

Mwezi uliopita, siku ya pili baada ya kumzika mama, mimi na baba tuliisikiliza kanda ile pande zote mbili. Imetoka safi. Hata kuku hasikiki.