Ndizi za Mwamba wa Paa

"Saba, Pak Ngadimin! Ndizi saba hazipo!"

"Sasa mimi ndiye mlinzi wa ndizi, Bu?"

"Nani alizitundika?"

"Mimi nilizitundika. Kuzila ni kazi ya wenye njaa."

Bu Kuntari, daktari wa majengo pale kituo cha utafiti cha chuo kikuu, Yogyakarta, alisimama chini ya nyumba ndogo ya mianzi iliyojengwa juu ya sakafu ya chuma. Sakafu hiyo ukiwasha mashine hutikisika kama ardhi yenye hasira. Juu, kwenye mwamba wa paa, ile boriti ya kileleni, ulining'inia mkungu wa ndizi pamoja na nazi, mganda wa mpunga na kitambaa chekundu na cheupe. Pak Ngadimin hakuwahi kupandisha mwamba bila vitu hivyo tangu azaliwe, na hakuona sababu ya kuanza ujeuri uzeeni.

Ngadimin alikuja kituoni kwa siku tatu, kufunga jukwaa la wapaka rangi. Akakaa miaka kumi na tisa. Herufi hazijui, lakini mwanzi akiugonga kwa kidole anakwambia ulikatwa mwezi gani, na kama mkataji alikuwa amegombana na mkewe. Hukata msimu ule utamu unaposhuka mizizini, dumuzi wakose cha kula. Hufunga kwa ijuk, nyuzi nyeusi zinazochunwa kwenye shina la mnazi wa sukari, na wanasema akishafunga, hata upepo hubisha hodi kabla ya kupita. Tetemeko lile kubwa lilipolaza kijiji chake, nyumba yake iliyumba, ikarudi ilipokuwa, na kuku waliokuwa juu ya paa wakaendelea na usingizi.

Sasa Bu Kuntari alikuwa anaandika kitabu cha mwongozo kitakachofuatwa na mafundi wa kisiwa kizima. Walikuwa wamekubaliana: nyumba ikisimama, fundo la Ngadimin linaingia kitabuni, ikianguka, inaandikwa bolti, na hakuna kijana atakayejifunza tena kufunga. Mzee hakuwa amelala vizuri siku nne.

"Bu, ndizi saba ni uzito gani mbele ya nyumba?" aliuliza, akijaribu kucheka.

"Mkungu niliupima kilo kumi na nane, nikauingiza kwenye hesabu kwa sababu wewe ulikataa kuushusha. Nikiandika uongo wa ndizi, nani ataniamini kwenye nguzo?"

Tugiyem, mfagiaji, aliegemea ufagio wake. "Mimi nilikula tatu, Bu. Zilikuwa zimeiva. Ndizi za mwamba zikiiva, kumnyima mtu ni kujitakia nuksi."

"Na nne?"

"Waulize wanafunzi wako. Wasomi wana mikono mirefu."

"Nduk," Ngadimin alimwambia Bu Kuntari, akimwita binti badala ya Bu, akisahau udaktari wake kwa hasira, "mashine yako ilichelewa siku nne kutengenezwa. Ulitaka niziambie ndizi zisubiri?"

Bu Kuntari akaanza kucheka hadi miwani ikamteleza. Mkungu ukashushwa, ukapimwa upya, hesabu ikasahihishwa, ukapandishwa tena.

"Profesa anakuja saa nne na wageni," alisema. "Afadhali tujue aibu yetu kabla yao. Washa!"

Ngadimin aliipa nyumba mgongo. Hakutaka kuona. Alisikia chuma kikinguruma, mianzi ikilia kwii-kwii, nazi ikigonga mwamba. Mtikiso wa kwanza ukaisha. Wa pili ulimrusha mjusi kutoka darini. Tugiyem aliapa baadaye kwamba mjusi yule alitua getini. Wa tatu ulipokuja, madirisha ya kituo yalitetemeka, na mzee akajikuta ameshika kamba ya suruali yake kwa mikono miwili, kana kwamba hiyo nayo ni fundo la kushikilia nyumba.

Mashine ikazimwa.

"Geuka, Pak," sauti ya Bu Kuntari ilisema taratibu.

Akageuka. Nyumba ilisimama wima, paa mahali pake. Bu Kuntari alikuwa ameshapanda ngazi na rula yake, anakagua fundo baada ya fundo. Moja tu lilikuwa limeteleza, upana wa ukucha. Alishuka, akachukua kalamu.

"Limepita. Linaingia kitabuni. Linaitwaje?"

Ngadimin aliikaza upya kamba ya suruali. "Fundo ni fundo, Bu. Mbuzi ndio hupewa majina."

"Kitabu kinataka jina. Naandika Fundo la Ngadimin."

"We! Siku fundi mvivu akilifunga vibaya, nitatukanwa mimi kaburini!"

"Andika la Tugiyem," mfagiaji aliingilia. "Matusi mimi nimeyazoea, nimeolewa mara mbili."

"Wewe ulifunga nini, zaidi ya mdomo? Na huo wenyewe haufungiki!"

"Pak, nimeshaandika herufi nne, usinikoroge..."

Mlango mkubwa ukafunguka. Profesa Hardono aliingia na wageni sita nyuma yake, akaitazama nyumba toka nguzo hadi mwamba, kisha akaitazama saa yake.

"Ah, vizuri," alisema. "Kumbe hamjaanza?"