Kumsomea Baba Kitabu cha Mtu Mwenye Mlango

Kitabu kilikuwa na kurasa mia moja arobaini na sita. Niliporudia hesabu nikapata mia moja arobaini na nne, maana mbili za mwisho zilikuwa tupu na mara ya kwanza nilimhesabia mwandishi kwa huruma. Ndani yake kuna mtu anabeba mlango mgongoni, anatafuta nyumba ulikotoka. Anapita mji baada ya mji, anauliza, anajaribu kuupachika kila penye uwazi, haukai. Ukurasa wa mwisho anausimamisha katikati ya uwanja mtupu, anaufungua, anapita, na upande wa pili anakuta uwanja uleule. Kitabu kimekwisha.

Mara ya kwanza nilikifeli kwa sababu ya biashara. Nilikuwa na meza ya mitumba sokoni Bariadi, na mtu wa mitumba akifungua belo la nguo akakuta suruali ya mguu mmoja, hakai kuwaza mwenye suruali alitaka kusema nini. Anajua ameuziwa vibaya. Kwenye mtihani wa kidato cha sita, niliokuwa naufanya kama mtahiniwa binafsi, tuliambiwa tujadili dhamira ya riwaya ile. Mimi nikajaza kurasa mbili kuthibitisha kwamba haijamalizwa. Nilitoa na ushahidi: yule mtu anauliza nyumba iko wapi mara kumi na tisa (nilishazirudia, ni kumi na nane, moja ilikuwa ndotoni) na hajibiwi hata mara moja. Historia nilipata, Jiografia nilipata. Kiswahili nikapewa F.

Chuo cha ualimu nilichokitaka hakikupokea F ya Kiswahili. Na nilikitaka kweli. Soko huria lilipoingia, kila aliyepunguzwa kazini alifungua meza ya nguo. Safu yangu peke yake tulikuwa kumi na wanne tunauza shati lilelile. Mteja alikuwa anakuja na bei ya jirani mkononi kama barua ya utambulisho.

Nikaanza tuisheni. Aliyetufundisha ni mama mmoja mwalimu mstaafu, alituchukua alasiri katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Nikamwambia nataka jibu la kitabu hiki, moja tu, hata kama ni bovu.

"Hakina jibu," akasema. "Maisha hayana maana, mtu anatafuta, hapati. Andika hivyo."

"Mwalimu, kama hayana maana, huyu mwandishi alikaa akaandika ili iweje?"

"Hilo nalo ni swali la kitabu."

"Basi tupatane. Nipe maana nusu."

"Kitabu si shati, kijana. Kaa chini."

Nilikaa. Kurudia mtihani kulihitaji ada, na ya kwanza aliitoa baba, kijijini kwetu Ipililo, kwa kuuza mtamba. Pamba ya msimu ule alikuwa hajalipwa, kwa hiyo mara hii pia hakukuwa na njia nyingine ila mtamba wa pili. Nikapanda baiskeli Jumapili moja kwenda kumwomba.

Aliniitikia salamu vizuri, akanisikiliza, akasema, "Mtamba wa kwanza alikwenda kwa kitabu nisichokijua. Kabla wa pili hajatoka, nataka kukisikia."

Baba Kiswahili anakijua cha ofisini, cha risiti na mikutano. Riwaya alitaka aisikie kwa Kisukuma. Basi akakaa kwenye kigoda, mama akawa anakata viazi vya kukausha michembe, mimi nikawa nasoma sentensi kwa Kiswahili na kuitoa kwa Kisukuma.

"Mlango wenyewe wa mbao au wa bati?" akauliza kabla sijageuza ukurasa wa kwanza.

"Hajasema."

"Endelea."

Ukurasa wa tatu akanisimamisha tena. "Aliutoa wapi?"

"Hajasema, baba. Ndiyo kitabu chenyewe."

Akageuza shingo kutazama kihenge cha nafaka, na mimi nikatazama alikotazama. Ukiishi na kitu miaka mitatu hukioni. Pale kwenye kihenge uliegemezwa mlango wa ghala la pamba la chama cha msingi cha ushirika, na namba ya chama bado imeandikwa kwa rangi nyeupe.

Baba alikuwa karani wa mizani wa chama hicho. Wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao, watu wakahamia huko, chama kikafungwa, na ghala likabaki linanyofolewa bati baada ya bati. Yeye akaenda mchana kweupe na toroli akang'oa mlango, akauleta nyumbani. Alisema anakitunzia chama, kikirudi kiukute. Wapo waliosema ameiba kama wengine, ila yeye kaiba kwa adabu. Nami, mwenye akili ya kuhesabu kila kitu mara mbili, nilikuwa nimebeba kitabu cha mtu mwenye mlango kwa baiskeli toka Bariadi bila kuliona hilo.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Kimechapwa Dar es Salaam. Aliyekiandika hajafika Ipililo."

"Maneno yanafika."

"Baba, kimechapwa kabla chama hakijafungwa."

Akakichukua, akatafuta mwaka kwenye kurasa za mbele, akausoma, akaurudia. Mwaka aliukubali. Sura yake haikubadilika.

"Haya. Mwisho wake anaipata nyumba?"

Hapo ndipo ningekuwa mwerevu. Nikasema, "Haipati. Haipo. Mwalimu anasema maana yake ni kwamba hakuna maana, na maisha yenyewe ndivyo yalivyo."

"Huyo mwalimu analipwa kusema hivyo?"

"Analipwa."

"Kwa mtamba wangu." Akanirudishia kitabu. "Mtu katunza mlango wa watu, mvua yake, jua lake, halafu anatokea msomi anasema katunza bure. Mtamba hatoki."

Mama akasema bila kuinua macho, "Si umsomee mengine, ya kuchekesha?" Ningempa nini cha kuchekesha? Mtihani ulikuwa na kitabu hicho.

Nilirudi Bariadi na hasira, nusu yangu na nusu ya mwandishi. Wiki mbili nikapiga kelele mezani kuliko kawaida. Ila mteja akikataa shati, hubadilishi mteja, unabadilisha shati. Jumapili iliyofuata nilirudi Ipililo nikamwambia baba kwamba nilimsomea haraka, kuna ukurasa niliuruka.

"Nilijua," akasema. "Kaa."

Nikafungua ukurasa mtupu mwishoni, nikausoma. Nikasema yule mtu alipopita mlangoni pale uwanjani aliona nyumba upande wa pili, imeezekwa, imekamilika, ila haina mlango. Wenyeji wametoka kumpokea. Wanamwambia tulikuwa tunakungoja.

"Fremu futi ngapi?"

"Saba kwa nne," nikasema bila kufikiri.

Akamgeukia mama. "Umesikia? Saba kwa nne. Kama huu." Hapo nikaona kwamba nimeuza kitu ambacho sikuwa nacho stoo.

Mtamba alitoka wiki ile. Lakini kila nilipokwenda nyumbani baba alitaka ukurasa ule tena, na kila mara nyumba ilipendeza zaidi: nikaweka bawaba zinazolingana, nikaweka mzee wa kumpa mkono, nikaweka hata komeo, kwa sababu aliuliza komeo. Nilimsimulia mara sita. Nimerudia hesabu, ni sita. Mwisho wa kweli nilimwambia mara moja tu.

Siku ya mtihani swali lilikuja, karibu kama nilivyoliombea: jadili jinsi mwisho wa riwaya unavyobeba ujumbe wake. Niliandika vizuri. Sijawahi kuandika Kiswahili kizuri namna ile. Nilipofika kwenye fremu ya saba kwa nne, kalamu ikasimama.

Muda wa kufuta ulikuwepo. Nilitazama saa ukutani mara mbili, zimebaki dakika arobaini kamili. Na bado sikufuta. Nilijiambia msahihishaji naye ni mtu wa nyumbani kwao, ana mlango wake anaoutunza mahali, atapenda kuiona nyumba. Nilikuwa napatana na mtu asiyekuwepo, kwa bidhaa isiyokuwepo. Hata sokoni hatufiki huko.

F ya pili haikuwa tofauti na ya kwanza, ila ilikuwa ghali zaidi, maana hii niliijua nikiwa naiandika.

Nilikwenda kumwambia baba. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kulaumu wasahihishaji, na sikuipata. Nilimkuta anapalilia pamba yake nyuma ya nyumba, nikashika jembe lingine, tukapiga mistari miwili. Kisha nikasema, "Baba, ile nyumba niliitunga mimi. Katika kitabu haimo."

Akaendelea mpaka mwisho wa mstari. "Kule kwenye mtihani uliandika nini?"

"Niliandika nyumba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikataa kilichomo."

"Nilikataa mimi," akasema. "Mtihani ulikataa?"

 Alinitazama kama alivyokuwa anamtazama mkulima aliyemwagia maji pamba ili izidi uzito. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakadiria tu ni kilo ngapi za kukata.

"Mimi uliniuzia nyumba," akasema, "nikaipenda, nikatoa mtamba. Hayo ni yangu na wewe. Lakini huwezi kuuza mali moja kwa watu wawili wanaotaka vitu tofauti. Wewe si mfanyabiashara?"

"Ni mfanyabiashara."

"Mtihani wa tatu utalipa mwenyewe."

Nililipa mwenyewe. Niliuza belo zima kwa bei ya jumla kwa jirani yangu wa meza, yule niliyekuwa nikimcheka kwa kutojua kupatana, na siku hiyo alijua. Tuisheni sikurudi. Nilikaa na kitabu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mia moja arobaini na nne, nikitafuta mahali popote panaposema kwamba yule mtu alikosea kuubeba. Hapapo. Hapapo pia panaposema alifanya vema. Hilo liliniudhi kuliko yote, na linaniudhi hadi leo, maana kitabu kizima kinakuachia mzigo kisha kinaondoka na bei.

Kwenye mtihani niliandika kwamba hakuna nyumba, kwamba kutafuta ndiko kulikokuwako peke yake, na maneno mengine ya yule mwalimu kama alivyoyapanga. Sikuamini hata sentensi moja. Walinipa D, iliyotosha chuo.

Nilipompelekea baba karatasi ya matokeo, aliiweka karibu na macho akasoma herufi, akarudia kuisoma, akauliza chuo kinafunguliwa lini. Nikamwambia. Akasema nisiache kupitia kanisani kushukuru kabla ya kuondoka. Niliandika nini safari hii, hakuniuliza, na mimi nikaona ni heri niende nikafungashe kabla hajauliza.