Fundi Aliponiuliza Baiskeli ni ya Nani

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikiona baiskeli mpya ikitolewa dukani huku makaratasi yake bado yamezungushiwa kwenye fremu. Nimeishi Tabora, nimeishi Mwanza, nimekaa Lindi na Songea. Mimi si mtu wa kutulia mahali. Lakini popote ninapofika, kengele ya baiskeli hunirudisha Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye vyumba viwili alivyopanga baba. Sijawa mzee wa mkongojo, ndiyo kwanza nimevuka arobaini na tano. Ila jambo hili nimelibeba tangu nina miaka kumi na saba, na kwa kuwa nasikia unajiandaa kununua baiskeli, acha nikusimulie.

Miaka ile ya Ujamaa, kuwa na hela hakukutosha. Bidhaa zilikuwa adimu, na baiskeli ilipatikana kwa kibali, tena kwa zamu. Baba alikuwa mpakuaji mizigo kwenye ghala moja Chang'ombe. Jina lake lilikaa kwenye orodha ya kazini muda mrefu mpaka tukaacha kuliulizia. Alikuwa mtu mfupi, na nyonga yake ya kulia iliumia siku gunia lilipomporomokea. Kila asubuhi alitembea kwa miguu mpaka Chang'ombe, na jioni akarudi anachechemea, anakaa barazani na kunyoosha mguu.

Kibali kilipotoka, kilitaka baiskeli ichukuliwe siku hiyohiyo, na baba alikuwa na zamu. Akanikabidhi karatasi na pesa.

"Wewe umesoma, utajua kuchagua," akaniambia. "Ila chukua ile ya kike, isiyo na bomba la juu. Mguu wangu haupandi tena kule. Na uangalie keria iwe imara, Jumapili nitampakia mama yako tukapunge upepo."

Mama akacheka. "Baba Rashidi na baiskeli ya kike! Watasema nimeolewa na mwali."

"Waache waseme. Mwali atafika kazini mapema."

Nilicheka nao. Nataka ujue hilo, mwanangu. Niliyaelewa maneno ya baba vizuri kabisa.

Duka lilikuwa Mtaa wa Msimbazi. Upande mmoja zilisimama baiskeli ndefu nyeusi, zenye bomba la juu linalong'aa. Upande wa pili zilikuwepo za kike, kama nne hivi. Nikaenda moja kwa moja kwenye za kike, nikashika usukani wa moja. Nilikuwa bado nimeushika niliposikia sauti mlangoni.

"Rashidi! Dada yako kaanza kazi ya ukunga?"

Alikuwa Hamisi, tuliyesoma naye, kavaa suruali yake ya bugaluu inayofagia sakafu. Baiskeli za kike tulizoea kuwaona nazo wakunga, na watu kwenye foleni wakacheka. Mimi sikuwa na dada, na Hamisi alijua. Ningeweza kumjibu kwamba ni ya baba, anaumwa nyonga. Maneno machache tu. Badala yake nikaona picha yangu mwenyewe nikiikokota ile baiskeli katikati ya Kariakoo, na Hamisi nyuma yangu akiwaita watu waje kutazama. Nikauachia usukani kama vile umeniunguza.

"Nilikuwa naitazama tu," nikasema. Nikamgeukia muuzaji. "Nipe ile ndefu."

Siku hizo baiskeli mpya haikupandwa kutoka dukani. Ilitoka na grisi, pedali zimefungwa kwenye karatasi, usukani umelala pembeni. Uliipeleka kwanza kwa fundi, na Fundi Seif alikuwa barazani, hatua chache kutoka pale. Kabla ya kushika spana alikuwa na swali lake moja, analomuuliza kila mtu.

"Ya nani hii?"

Hamisi alikuwa kando yangu.

"Yangu," nikajibu.

"Basi njoo upande, nikupime kama fundi cherehani."

Akanikalisha juu ya siti huku ameshikilia usukani. Akaniambia niweke kisigino kwenye pedali ya chini, akapandisha siti mpaka goti langu likanyooka. Akaniuliza kama ncha za vidole zinagusa chini. Zikagusa. Akanyoosha ringi, akakaza breki, akafunga keria, akaizungusha cheni kwa mkono na kuisikiliza. "Rudi baada ya wiki," akasema, "nati za baiskeli mpya hulegea zenyewe." Nikapanda. Ilikuwa kama imezaliwa na mimi. Nilizunguka nimempakia Hamisi mpaka Mchikichini na kurudi, na sikumbuki kama nilimfikiria baba hata mara moja.

Jioni baba alizunguka ile baiskeli bila kuigusa.

"Za kike?"

"Zimekwisha, baba. Watu walizigombania."

Aliitazama nyonga yake, halafu akanitazama mimi. "Basi. Ya kwetu ndiyo hii."

Aliishusha siti mpaka mwisho, na bado ilikuwa ndefu kwake. Akajifunza kupanda kwa kusimama juu ya ngazi ya baraza, akiuinua mguu mbovu kwa mikono yake miwili kuuvusha juu ya bomba. Kazini alikuwa na jiwe lake la kushukia. Kati ya ngazi yetu na jiwe lile aliomba Mungu asilazimike kusimama. Mimi nilimwona kila asubuhi akiubeba mguu wake kama mzigo wa mtu mwingine, na kila asubuhi nilijiambia kesho nitasema. Nilikuwa najifanya nimelala.

Jumapili moja akampakia mama. Labda umesikia habari za Jumapili zile: kuanzia mchana magari ya binafsi yalizuiwa kutembea ili kubana mafuta, na barabara ikawa mali ya watu wenye miguu na baiskeli. Wakaelekea Upanga, kwenye upepo wa bahari. Mimi nilikuwa huko tayari na Hamisi na wenzetu wawili, tumesimama kwenye kona tunakula mihogo ya kukaanga.

Niliwaona wakija. Mama amekaa upande kwenye keria, kanga yake mpya, mkono mmoja kiunoni kwa baba. Alikuwa anamweleza kitu na baba anacheka. Sikumbuki kama niliwahi kuwaona hivyo kabla ya siku ile.

Mtoto akakatiza barabara akifuata mpira wa makaratasi. Baba akafunga breki. Baiskeli ikasimama, ikaanza kulala, na mguu wake ukashuka kuitafuta ardhi. Ukatafuta, haukuikuta. Wakaanguka wote wawili, taratibu, mbele ya kila mtu, baba chini na baiskeli juu ya nyonga yake.

"Mzee kashuka ghorofani bila ngazi!" Hamisi akapiga kelele. Yeye hakuwatambua.

Na mimi nikacheka.

Kicheko kilitoka kabla sijakizuia, mwanangu, lakini kilitoka, na mama alikuwa ameinua uso wakati ule. Aliniona. Nilidondosha mihogo na kukimbia kuwainua, mikono yangu ina pilipili na chumvi, nikamshika baba mahali ambapo ngozi imechubuka, akaguna. Mama alijifunga kanga yake vizuri. Hakunigombeza.

"Shika baiskeli ya baba yako," akasema tu.

Tukarudi Kariakoo kwa miguu, sisi watatu. Hamisi hakutufuata.

Kesho yake jioni, baba akitoka kazini, tukaipeleka kwa Fundi Seif kwa sababu usukani ulikuwa umepinda. Nilimwamkia fundi, shikamoo yangu haikusikika vizuri. Akatutazama, kisha akasimamisha macho kwangu.

"Si wewe ulikuja hapa ukasema baiskeli yako? Mbona siti imeshushwa hivi?" Akamgeukia baba. "Mzee, na nyonga hiyo unapanda hii? Siku aliyokuja huyu kijana za kike zilikuwepo. Mimi mwenyewe jioni ile nimeunga tatu."

Nilitamani baba anipige. Nilisimama pale nikitazama makopo ya grisi na kusubiri. Baba aliushika ule usukani uliopinda. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Fundi, kijana hajakosea. Ni yake. Mimi huiazima tu."

Fundi Seif akamwelewa. Akainama kwenye kazi yake, hakuuliza tena. Alipomaliza, akaipandisha siti mpaka kimo kile alichonipimia mimi.

Njiani baba alisema neno moja tu. "Nilikutuma wewe kwa sababu nilijua unaijua nyonga yangu." Baada ya hapo akaongea mambo ya bei ya unga, na hakuligusa tena jambo lile mpaka anaingia kaburini. Tangu jioni ile baiskeli aliniachia mimi. Yeye akarudi kutembea mpaka Chang'ombe, na mimi nikaendesha baiskeli iliyonitosha kila kiungo, na sijawahi kukaa kwenye siti iliyoniuma kama ile. Nilimwomba tuibadilishe. Akasema orodha haina zamu mbili.

Nilipoanza kazi Tabora, miaka mingi baadaye, nilimletea baiskeli ya kike kwa treni. Nyonga ilikuwa imekwisha kabisa. Aliiweka barazani, akawa anaifuta vumbi asubuhi na kuizungusha pedali kwa mkono, anaisikiliza cheni. "Nzuri," aliniambia. "Inakwenda vizuri."

Basi nisikilize, mwanangu. Unaponunua baiskeli, usianze na rangi wala na macho ya walio mlangoni. Anza na mwili utakaoipanda. Keti, weka kisigino kwenye pedali ya chini, unyooshe goti. Halafu simama uone kama mguu unafika chini bila kutapatapa. Kama utampakia mtu, tingisha keria kwa nguvu zako zote kabla hujamwita akae. Na usisahau kurudi kwa fundi baada ya wiki. Kama baiskeli ni ya mwingine, beba mwili wake kichwani uende nao dukani, maumivu yake na yote, hata kama watu watacheka. Kicheko cha foleni ile kilikwisha kabla sijafika kwenye kona. Changu mimi bado nakisikia.

Na ukikosea, sema siku ileile. Usimwache mtu aubebe mguu wake kila asubuhi akisubiri wewe uamke.

Mungu akupe barabara za kwenda na za kurudi. Akupe mtu wa kumpakia Jumapili, na mkono wake kiunoni kwako. Na kila utakapolazimika kusimama ghafla, mwanangu, mguu wako uikute ardhi.