Lori la Baba Lililolala Kichwa Chini

Nyumba yetu ilijengwa juu ya mteremko kwa sababu ya gari. Watu wengine huchagua kiwanja kwa kuangalia maji, au jirani asiye na makelele. Baba alichagua kwa kuangalia lori lake litashuka vipi asubuhi. Mama alikipanda kile kilima na ndoo ya maji kichwani siku zote za maisha yake, na kila alipofika juu alilitupia lile lori jicho ambalo wanawake wengine humtupia mke mwenza.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, upande wa Mamba, pale milima inapoishia na bonde la Rukwa linapoanza. Baba alijifunza kuendesha akiwa jeshini wakati wa vita, akarudi nyumbani na imani ambayo hata padri hakuweza kuitikisa: gari la kweli hutengenezwa Uingereza. Lori lake alilinunua likiwa limeshatumika. Lilikuwa la tani tatu, la kijani, lenye bodi ya mbao, na karibu na injini palikuwa na kibati kidogo kilichoandikwa jina la mji lilikoundwa. Kila Jumamosi alikisugua kile kibati kwa majivu. Mama alimwambia, "Sufuria zangu hazijawahi kuonja huo mkono wako."

Mjomba wangu, kaka yake mama, naye alikuwa na lori. Lake lilikuwa la Kimarekani, masalia ya vita, limepakwa rangi tatu zisizopatana na mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Wakikutana wale mashemeji wawili hakukuwa na mazungumzo mengine. Baba alisema Wamarekani huunda magari haraka haraka ili yakafie vitani, si ili yafanye kazi. Mjomba alimjibu kwamba lake likifa linafufuka kwa nyundo na waya, lakini la Mwingereza likifa linataka kwanza liandikiwe barua.

Na kweli likaandikiwa barua. Mwaka wa pili stata ya kuwashia injini ilikufa. Fundi mmoja wa Kisingasinga pale Mpanda aliifungua, akaitazama, akaifunga tena, akasema nyingine lazima iagizwe Uingereza. Tukasubiri. Ilivuka bahari, ikapanda reli, ikafika baada ya miezi mingi, nayo ilikuwa ya gari la aina nyingine kabisa. Ikarudishwa. Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono nayo haikufaa, maana meno ya pale inapoingia yalikuwa yamelika, na siku moja ilichomoka ikamvunja baba kifundo cha mkono. Ikabaki njia moja tu. Lori liegeshwe kichwa chini mlimani, liachiwe lishuke, baba atie gia ya pili, aachie klachi, na injini ishtuke iwake.

Wengine wangesema tu, gari langu bovu, nisukumeni. Baba asingeweza. Alikwishajisifu mno. Watu wa Mamba na Kibaoni walimkabidhi mpunga wao aupeleke Mpanda kwa watu wa mgodini, na walimkabidhi kwa sababu aliwaambia gari lake haliwezi kuwalaza njiani. Basi akaificha ile stata kama mtu anavyoficha jino bovu. Pale Kibaoni, ambako ardhi imelala kama mkeka, alitafuta kichuguu kikubwa, akakichonga upande mmoja, akawa anapandisha lori juu yake kwa kurudi nyuma. Aliyeuliza aliambiwa kwamba injini ya Kiingereza inataka oili isogee mbele wakati wa kupumzika. Watu wakatikisa vichwa kwa uzito. Ikafika mahali wakawa wanamsalimu sokoni, "Limelalaje leo?" naye anajibu kwa heshima zote, "Limelala vizuri, tunashukuru." Mimi niliyejua siri nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Mwaka wa pili wa siri hiyo nilipata barua kutoka chuo cha ualimu cha masista kule Tabora. Nilikuwa nimepata nafasi. Barua ilitaja siku ya kufika, na chini yake ilisema kwamba atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma sala zangu. Treni ya kunifikisha kwa wakati ilikuwa moja tu, ya saa kumi, kutoka Mpanda. Na pale nyumbani kulikuwa na bwana mmoja wa makamo aliyekuwa ameanza kuja kumsalimu baba mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilijua kabisa nikikosa treni ile nitapikia nani.

Mjomba alijitolea kunipeleka. Baba akakataa kabla hajamaliza kusema. "Binti yangu atafika stesheni kwa gari la baba yake." Nilimkasirikia, nakiri. Usiku ule sikula chakula chake, na mama hakunilazimisha.

Asubuhi tulipofika barabarani tulikuta abiria wengi kuliko nilivyowahi kuona. Wengi walikuwa wanaume wenye vifua, na karibu wote hawakuwa na mzigo wowote. Mmoja alishika fimbo tu. Alikuwepo pia bibi mmoja wa Mamba, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia watu mashambani, amebeba kikapu kitupu. Baba alifurahi sana. Akaninong'oneza, "Unaona, mama? Watu wanalijua gari." Mimi nilikaa mbele, karibu naye, sanduku langu la bati miguuni.

Tuliingia mwituni, na mbung'o wakaingia nao, wakatuuma kupitia nguo. Tulivuka mto pale Sitalike bila shida. Injini ilikuwa inaimba, na hasira zangu zikaanza kupungua. Halafu mbele tukaona kizuizi cha mbung'o.

Kizuizi hicho kilikuwepo siku zote. Zamani alikuwepo mlinzi mmoja mwenye wavu na bomba la dawa. Alilizunguka gari, akalipulizia huku linanguruma, akapandisha mti wa kizuizi, ukaenda zako. Serikali haikutaka wadudu wale wabebwe na magari mpaka mjini wakaeneze malale. Lakini msimu ule walikuwa wamejenga banda. Lilikuwa refu, la udongo na mabati, lenye milango mikubwa pande zote mbili. Gari linaingizwa, milango inafungwa, giza linakuwa totoro, na mbung'o wanatoka walikojificha kukimbilia kidirisha kimoja chenye mwanga, ambako kuna mtego wa wavu. Nilimtazama baba. Nikaona jasho kwenye masikio yake, nikajua alikuwa na habari za banda lile tangu mapema.

Abiria wakashushwa, wakapangwa mstari nje wapanguswe migongo kwa majani. Mlinzi akatuelekeza tuingie. Palikuwa tambarare, tena pana mchanga.

"Zima injini, mzee," alisema.

"Bwana, kwani likinguruma wadudu hawatoki?"

"Watatoka, na sisi tutatoka wafu. Moshi huo wote uende wapi? Zima."

Baba aliushika ule ufunguo muda mrefu. Kisha akazima. Milango ikafungwa, mlinzi akabaki nje.

Giza likaingia. Palikuwa na mlio wa mbung'o wakigonga wavu, na injini ikitatarika kwa kupoa. Tulikuwa maili ishirini kutoka stesheni, na tangu asubuhi hatukupishana na gari hata moja. Nilikuwa na maneno mengi makali nimeyapanga tayari. Ndipo baba akasema gizani, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Nimekuangusha, mama."

Nilisema tu, "Waambie wasukume, baba."

"Nitawaambia nini? Miaka miwili nawadanganya. Wamenipa mpunga wao. Nikitoka hapa nikawaambia nisukumeni, kesho nani atanipa hata gunia moja?"

"Basi nitawaambia mimi."

"Hapana," alisema. Akavuta pumzi. "Nitasema mwenyewe."

Mlango wa mbele ukafunguliwa, mwanga ukatupiga machoni. Baba alifungua mlango wake, akaweka mguu mmoja chini, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia kanisani. Lakini mlango wa nyuma nao ulikuwa umefunguliwa, na mle ndani watu walikuwa wameshaingia. Nilitoa kichwa dirishani. Wale wanaume walikuwa wamekunja mikono ya mashati, mabega yakiwa kwenye bodi. Bibi wa Mamba alikuwa amefunga khanga kiunoni, kikapu chake amekitupa juu ya magunia.

"We baba, toa breki," alipaza sauti. "Au unangoja mpaka mvua zinyeshe?"

Baba aliwageukia. "Nyie, nani kawaambia?"

"Atuambie nani? Gari linalala kichwa chini miaka miwili, sisi ni vipofu?"

Wakacheka wote, mpaka mlinzi. Mwanaume mwenye fimbo ndiye aliyesema yaliyobaki, tena kwa aibu kidogo. "Shemeji yako alipita nyumba kwa nyumba juzi. Alisema huku kuna banda jipya, na binti wa dada yake atakwama. Akatuomba tupande wenye mabega. Mimi mwenzio sina shughuli yoyote Mpanda."

"Wala mimi," alisema mwingine.

"Mimi nina shughuli," alisema bibi. "Lakini ningekuja hata kama sina."

Baba alirudi akaketi kwenye usukani. Niliogopa kumtazama, kisha nikamtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na midomo ilikuwa inacheka. Akatoa breki, akatia gia ya pili. Wakasukuma. Mchanga ukatushika, lori likasogea hatua chache likagoma. Bibi akawapigia ukelele wa kulimia, wakasukuma kwa mpigo, lori likatoka bandani likishika kasi. Baba akaachia klachi. Likarukaruka, likakohoa, likanguruma. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani kama mwendawazimu. Nilikuwa nacheka, nalia, nagonga sanduku langu kwa ngumi. Nyuma watu walikuwa wanadandia huku wanashangilia, na bibi alivutwa mikono miwili mpaka akaingia.

Njia nzima iliyobaki baba alikuwa anaongea. Alinieleza habari za ile stata iliyokuja siyo, na habari za kichuguu cha Kibaoni, mambo ambayo niliyajua yote, lakini alinieleza upya kwa sauti kubwa, dirisha likiwa wazi, wa nyuma nao wasikie. Wa nyuma walikuwa wanajazia pale alipokosea. Katikati ya hadithi akasema, "Mjomba wako mtu wa ajabu." Halafu akasema, "Lakini lile gari lake ni baya." Nilimwambia ndiyo, ni baya sana.

Tulifika Mpanda treni ikiwa bado imesimama inapakia. Uwanja wa stesheni ni tambarare tupu. Mara zote baba alipoleta watu pale aliwashusha huku injini inawaka, akiwa ameketi kwenye usukani, akawapungia mkono kupitia dirishani. Hivyo ndivyo alivyomsindikiza hata mama yake mzazi, alipokwenda kutibiwa Tabora. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuagwa hivyo hivyo. Nilifungua mlango nikaanza kuvuta sanduku.

Baba akazima injini.

Alishuka, akalifunga lori kwa ufunguo katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, akanipokonya sanduku. Akawaambia abiria wake, "Nisubirini, nitawahitaji," nao wakaitikia kwamba hawana pa kwenda. Tulitembea pamoja mpaka behewani. Alipanda ndani, akaniwekea sanduku, akajaribu kiti kwa mkono, akashuka, akaja kusimama chini ya dirisha langu. Tulishikana mikono kupitia dirishani, yeye hana haraka ya kwenda popote, mpaka treni ilipoanza kuondoka na kunitoa mkononi mwake.