Msukule Hapigwi Risasi

Saa tisa alasiri. Ukumbi wa video umejaa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Yeye amekaa kwenye stuli kando ya skrini, kipaza sauti mkononi. Chupa yake ya maji haijaguswa. Kila baada ya muda anatupia macho mlangoni.

Wanamwita Mdomo. Kazi yake ni kutafsiri filamu papo hapo: mwigizaji hajafunga kinywa, yeye keshasema. Jambazi, bibi kizee, mtoto mchanga, wote wanatoka koo moja. Ukumbi ukijaa analipwa vizuri. Usipojaa anapewa pole.

Jumamosi ni siku ya mazombi. Mabenchi ya mbele ni ya washabiki wanaojiita Kikosi. Si watoto. Yupo kinyozi, wapo makarani, na kiongozi wao ni fundi simu wanayemwita Kamanda. Huja na mashati waliyoyachana wenyewe na kuyapaka rangi nyekundu. Ukikosea jina la bunduki, wanakusahihisha ukumbi mzima ukisikia.

Ugomvi wao na Mdomo ni wa neno moja. Yeye hasemi zombi. Anasema msukule, mtu aliyechukuliwa kichawi akabaki hai bila akili zake.

"Zombi unampiga tu, hana mwenyewe," anaeleza. "Msukule ana kwao. Kuna watu hawalali wakimtafuta."

Kikosi hawataki. Kamanda alimlalamikia mwenye ukumbi kwamba mama huyu anawaharibia vita, maana nani atashangilia msukule akipigwa risasi? Mwenye ukumbi akamwambia Mdomo aseme yanayosemwa kwenye filamu, asiongeze chumvi, la sivyo kipaza sauti kitatafutiwa mdomo mwingine.

Neno hilo hakuliokota barabarani. Kaka yake alikuwa mwashi. Alianguka kutoka ghorofani wakijenga. Mwili ukapona, akili ikarudi nusu. Anaburuta mguu, mdomo wazi, maneno hana. Lakini kila Jumamosi filamu ikiisha, alikuwa mlangoni kumchukua dada yake, kama alivyokuwa akimchukua shuleni utotoni. Hilo halikupotea kwenye kuanguka.

Wiki mbili zilizopita Kikosi walitoka ukumbini wakaanza kucheza vita yao kichochoroni. Kaka akatokea. Wakampigia makofi, wakasema huyu jamaa ndiye anayejua kuigiza. Kisha wakamvamia. Marungu yao yalikuwa ya maboksi, isipokuwa moja. Hilo lilikuwa la Kamanda.

Kaka hakukinga uso. Alishonwa juu ya jicho, na tangu siku hiyo hatoki nyumbani.

Kamanda anasema hawakujua kwamba haigizi. "Sawa, hakujua," anasema Mdomo. "Alipojua, mbona hakuja?"

Sasa filamu imefika pale Kikosi walipokuwa wakipangoja. Shujaa yuko getini na bunduki. Nje, katikati ya kundi la mazombi, kaka wa shujaa anakuja akiburuta mguu. Mabenchi ya mbele yote yamesimama. Mwenye ukumbi yuko nyuma, mikono kifuani, sikio wazi.

Mdomo anatafsiri neno kwa neno, kama alivyoagizwa.

"Shujaa anasema: huyu si kaka yangu tena."

Kisha anaongeza lake:

"Muongo huyo."

Anazima kipaza sauti. Risasi inalia. Hakuna anayeshangilia. Filamu inaendelea kuongea lugha yake peke yake hadi mwisho, na hakuna anayedai tafsiri.

Watu wanatoka bila kelele. Mwenye ukumbi anakichukua kipaza sauti, anakigeuza geuza, anakirudisha kwenye stuli na kwenda zake. Mdomo anasema hajui kama bado ana kazi. Anachojua ni kwamba Jumamosi ijayo atakuja na kaka yake, wapite kichochoro kilekile, akae ndani kama mtu yeyote mwenye tiketi.

Kamanda amebaki mlangoni na shati lake jekundu.

"Dada," anasema, macho chini, "kaka anapenda kukaa upande gani?"

Mdomo anakunja waya taratibu. Hamtazami mpaka amemaliza.

"Kamuulize mwenyewe, atakuonyesha. Twende nyumbani," anamwambia. "Lakini vua hilo shati kwanza."