Moshi Baharini

Mimi niliishia darasa la nne, lakini boti mbili zenye jina la mama yangu hapa Mtwara ni zangu, wala sikuzirithi. Juzi mgeni mmoja, anayetaka nimpangie safari ya kutazama nyangumi kipupwe hiki, alinionyesha picha kwenye simu. Mvuke mweupe, pumzi ya nyangumi, ulikuwa ukipanda juu ya maji.

Mvuke ule niliuona utotoni. Maji yalikuwa yamekupwa, mwani ukinuka juani, na mama na wenzake walikuwa wakichokoa pweza mwambani. Njaa ilikuwa inaniuma. Nikasema, "Mama, kule mbali kuna watu wanapika. Tazama moshi."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha pweza wake. "Mwanao njaa imempanda kichwani, anaota ugali mchana."

Mama hakucheka. Aliacha kuchokoa, akatazama bahari hadi maji yakaanza kujaa na kunifika magotini. Hakuona kitu. Njiani akaniambia, "Ulichokiona umekiona." Nilidhani ananituliza tu. Kumbe aliniamini, na mtoto aliyeaminiwa hivyo haogopi kununua boti.

Jana nilikwenda kwake Rahaleo, nikamwambia kiti cha mbele, safari ya kwanza, ni chake. Mungu akijalia, atamwona nyangumi kwa macho yake.

"Alfajiri kuna baridi, mama. Uvae sweta."

"Sweta ninalo," akasema. "Nibebe na sahani? Si ulisema kule wanapika."